Kwa nini hakuna viza ya mkimbizi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bukavu na Goma

Maswali haya tunaletewa na watu wa Kadutu, Panzi na Nguba, mitaa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na tangu Januari 2025 na watu wa Goma pia. Sisi si HCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi), si ubalozi, na hatuna kesi, yaani dosia ya kupelekwa nchi za mbali, ya kumpa mtu. Tunasoma sheria na kusaidia watu kupanga karatasi zao, basi. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu ukweli wake ni mfupi.

Nimesikia kuomba hifadhi ni haki ya kila mtu. Mbona hakuna viza ya kwenda kuiomba?

Ni haki, tena iliyoandikwa. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 14, linampa kila mtu haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine anapokimbia mateso. Mkataba wa Geneva wa 1951 ukaeleza mkimbizi ni nani, na kifungu chake cha 33 kikakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini.

Sasa usome mkataba huo kuanzia juu hadi chini. Hakuna mahali panaposema nchi itakupa viza, wala itakutumia ndege, wala itakungojea uwanjani. Ulitungwa kwa ajili ya watu waliohamishwa na matukio ya kabla ya Januari 1, 1951, na nchi zilizotaka ziliruhusiwa kuuhesabu kuwa wa Bulaya (Ulaya) peke yake. Wakimbizi waliokuwa mbele ya macho ya watungaji walikuwa wameshavuka mpaka. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa kizuizi cha tarehe na cha mahali, ikatuingiza na sisi, lakini jambo la safari haikuligusa.

Kwa hiyo haki yako inaanza siku unayokanyaga ardhi ya nchi nyingine, si kabla. Serikali za nchi tajiri zilielewa hili mapema kuliko sisi: ili kupunguza wakimbizi si lazima uvunje mkataba, inatosha kuhakikisha hawafiki. Ni sawa na mtu anayekuambia chakula kiko mezani, karibu sana, na ufunguo wa mlango ameutia mfukoni. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatoka kwenye jambo hilo moja.

Siwezi kuomba hifadhi kwenye ubalozi, Kinshasa au Kigali?

Zamani kidogo iliwezekana kwa baadhi ya nchi. Uswisi ilikuwa ya mwisho mwisho Bulaya kupokea maombi ya hifadhi kwenye balozi zake; ilifuta utaratibu huo Septemba 2012, na wananchi wake wakaukubali uamuzi huo kwa kura Juni 2013.

Baada ya hapo watu walijaribu mahakamani. Familia moja ya Kisiria kutoka Aleppo, baba, mama na watoto, ilikwenda ubalozi wa Ubelgiji mjini Beirut ikaomba viza ya kibinadamu, ikisema wazi kwamba ikifika itaomba hifadhi. Ubelgiji ikakataa. Machi 7, 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikasema kanuni za viza za Umoja huo hazilazimishi nchi kutoa viza ya namna hiyo, kila nchi iamue kwa sheria yake. Familia nyingine ilikwenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Jibu lilitoka Mei 5, 2020: mtu aliyesimama kwenye dirisha la ubalozi nje ya nchi hayuko chini ya mamlaka ya nchi hiyo kwa maana ya mkataba wao, kwa hiyo kesi haisikilizwi.

Kilichobaki ni hisani. Ufaransa, kwa mfano, hutoa viza za kwenda kuomba hifadhi, lakini ni kwa hiari yake, kwa watu wachache iliowachagua, na huwezi kuidai. Italia ina jambo lililo bora zaidi: Desemba 2015 serikali iliandikiana na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio pamoja na makanisa ya Kiprotestanti, wakafungua njia za kibinadamu. Makanisa yanalipa ndege na nyumba, serikali inatoa viza. Wa kwanza walitoka Lebanon mwanzoni mwa 2016, baadaye wakaja wengine kutoka kambi za Ethiopia. Ni kazi nzuri. Ni watu maelfu kadhaa tu.

Na hisani ina ugonjwa wake. Ubelgiji ilipoanza kutoa viza za kibinadamu kwa Wakristo wa Siria, majina yakipitia mikononi mwa watu wachache, diwani mmoja wa mji wa Mechelen alikutwa akiwauzia watu nafasi kwenye orodha. Mahakama ilimhukumu kifungo Januari 2021. Kwa hiyo anayedhani biashara ya kesi ni uchafu wa Afrika peke yake, ajue na huko ipo.

Basi niombe viza ya kawaida, ya kutembelea ndugu, kisha nikifika niseme shida yangu?

Aliyeingia kwa viza halali na kuomba hifadhi hakutenda kosa kwa kuomba. Shida ni kuipata hiyo viza. Kanuni ya viza ya Schengen (nchi za Bulaya zinazotumia viza moja) ya 2009, kifungu cha 32, inamwamuru afisa akatae ikiwa ana shaka ya maana kama utarudi kwenu kabla viza haijaisha. Unamwonyesha anwani ya Goma au ya Bukavu. Anatazama habari. Kadiri sababu yako ya kukimbia inavyokuwa ya kweli, ndivyo sababu yake ya kukukataa inavyokuwa nzito. Huo ndio mtego wenyewe, na hauna dawa ya maneno mazuri.

Weka na mambo ya huku kwetu. Viza za Schengen zinaombwa Kinshasa, na hakuna barabara ya kutufikisha huko. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, ule wa Bukavu, Kavumu, ukafuata Februari. Dosia inataka taarifa za benki za miezi ya karibuni, na benki za miji hii miwili zilifunga milango wakati huo huo. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90, wala hairudishwi ukikataliwa.

Kuhusu barua za kazi za kununua na taarifa za benki za kutengenezwa: tunazijua, na tunajua zinakotengenezwa. Ukikamatwa nazo, jina lako linabaki kwenye mfumo wao wa viza kwa miaka, na siku utakapoomba hifadhi kweli, afisa atakuuliza kwanza kwa nini ulidanganya.

Tiketi ya ndege ni bei ndogo kuliko pesa wanayotaka wapitishaji, wale wanaovusha watu kwa siri. Kwa nini watu wasipande tu ndege na kuomba hifadhi uwanjani?

Swali hili ndilo zuri kuliko yote, na wengi Bulaya hawajiulizi. Televisheni inawaonyesha mashua imejaa watu, nao wanafikiri watu hao ni maskini sana hawana nauli. Sivyo. Wengi wamelipa mara nyingi zaidi ya bei ya tiketi. Waliyemkosa ni mtu wa kuwaruhusu wapite kaunta.

Mambo yanakwenda hivi. Mkataba wa Schengen wa 1990 ulizitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika ya usafiri yanayoleta abiria wasio na karatasi. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ukapanga viwango kwa agizo namba 51: faini ya juu isipungue yuro 5,000 kwa kila abiria, au ya chini isipungue 3,000, au nchi ichague faini ya jumla ambayo kikomo chake hakipungui yuro 500,000 kwa kosa moja. Juu ya hiyo, shirika linalipa kumrudisha abiria lilikomtoa. Uingereza ilikuwa imeshatangulia na sheria yake ya 1987.

Sasa mfikirie kijana wa kaunta ya ndege pale Kanombe (Kigali), Entebbe au Nairobi. Hakusomea sheria ya wakimbizi. Anajua kwamba akikosea, kampuni italipa maelfu na yeye atafukuzwa kazi. Akimkatalia mkimbizi wa kweli, hakuna atakayemuuliza. Kwa hiyo anakataa. Mpaka wa Bulaya umehamishwa kutoka Brussels ukaja kukaa kwenye kaunta hiyo, na mlinzi wake ni mfanyakazi wa kampuni ya biashara asiyeandika barua ya kukataa, asiye na mahali pa kukatiwa rufaa.

Agizo lenyewe linataja mwanzoni kwamba halipunguzi wajibu wa Mkataba wa Geneva. Maneno hayo yapo. Kaunta haiyasomi.

Na kama napita tu kwenye uwanja wa Bulaya nikielekea nchi nyingine?

Mkongomani anatakiwa viza hata ya kukaa kwenye ukumbi wa kusubiri, bila kutoka nje. Inaitwa viza ya kupita uwanjani. Kuna orodha ya nchi kumi na mbili ambazo raia wake wanatakiwa kuwa nayo katika viwanja vyote vya Schengen, na Kongo yetu imo, pamoja na Somalia, Eritrea, Afghanistan, Iraq na nyingine. Tulikuwa tayari kwenye orodha ya kwanza ya 1996, tulipokuwa tunaitwa Zaire. Tazama majina hayo vizuri. Mengi ni ya nchi zinazotoa wakimbizi, na hiyo si bahati mbaya. Wenye viza au kibali cha kuishi cha baadhi ya nchi tajiri wamesamehewa.

Waukraine walifikaje basi?

Kwa treni, kwa gari, kwa ndege, mchana, na watoto wao mkononi. Tangu Juni 2017 raia wa Ukraine mwenye paspoti ya kibayometriki haombi viza ya kuingia Schengen kwa ziara fupi. Vita vilipopanuka Februari 2022, mlango ulikuwa tayari wazi. Machi 4, 2022 Umoja wa Ulaya ukawasha agizo la ulinzi wa muda lililokuwa limelala kwenye kabati tangu 2001, na zaidi ya watu milioni nne wakapata kibali cha kuishi na kufanya kazi bila kuhojiwa mmoja mmoja.

Watu wa hapa wakisikia hivyo hukasirika. Sisi hatuwaonei Waukraine wivu, mabomu ni mabomu. Tunachokitoa hapo ni ushahidi: tuliambiwa miaka mingi kwamba mambo haya hayawezekani, kumbe yanachukua wiki moja.

Mimi ni mkimbizi wa ndani. Nilikuwa Bulengo, kambi ikavunjwa. HCR inaweza kunipeleka nchi ya tatu?

Hapana. Mkataba unamtaja mtu aliye nje ya nchi yake. Maadamu uko upande huu wa mpaka, hata kama umehama mara tano na kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zimebaki mawe ya volkano tu, kisheria wewe si mkimbizi bado. Unaweza kusaidiwa kwa chakula, turubai na matibabu. Kupelekwa nchi ya tatu, hapana. Wakongomani waliohamishwa ndani ya nchi ni mamilioni, na hawa wote hakuna njia halali ya mbali inayoanza kwao.

Njia halali ni ipi basi?

Ni barabara ya jirani. Najua si jibu mlilolitaka.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, uliotiwa saini Addis Ababa, ni mpana kuliko ule wa Geneva. Unamhesabu mkimbizi hata mtu aliyekimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa na jeshi la kigeni, au matukio yaliyovuruga sana usalama katika sehemu ya nchi yake. Huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi unawindwa. Ndiyo maana nchi za jirani zinaweza kuwapokea watu kwa kundi, bila viza, bila paspoti.

Uganda ndiyo inayopokea wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Sheria yake ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Watu wa Rutshuru waliovuka Bunagana Juni 2022 walipokelewa Nyakabande karibu na Kisoro, wakapelekwa Nakivale na makazi mengine. Rwamwanja ilifunguliwa upya 2012 kwa ajili yetu, wakati wa vita vya kwanza vya waasi wa M23. Maisha huko si mazuri, mgawo wa chakula umepunguzwa sana, lakini karatasi ni karatasi.

Burundi ilipokea maelfu Februari 2025 waliovuka mto Ruzizi, wengine wakiogelea, wakalazwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo kabla ya kupelekwa Musenyi. Tanzania ina Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu 1996; huko sheria inataka ukae kambini na utoke kwa ruhusa. Watu wa Katanga wanaijua zaidi Zambia: Meheba, au Mantapala kule Nchelenge. Rwanda nayo ina kambi za Wakongomani, Kiziba tangu 1996 na Kigeme tangu 2012. Kuchagua mpaka wa kuvukia kunategemea unamkimbia nani, na hilo unalijua wewe kuliko sisi.

Nikivuka mpaka wa Rwanda, Ruzizi ya Kwanza au Petite Barrière, kwa jetoni (karatasi ya kuvuka kwa siku moja), nimekuwa mkimbizi?

Hapana. Kwa jetoni wewe ni mtu wa sokoni unayetarajiwa kurudi jioni. Lazima useme kwa mdomo wako, kwa afisa wa uhamiaji au kwa ofisi ya wakimbizi ya nchi hiyo au HCR, kwamba umekimbia na unaomba hifadhi. Sema mapema. Kukaa miezi kwa shemeji halafu ndipo useme kunaleta maswali.

Nikishaandikishwa kambini, ni baada ya muda gani nitapelekwa Marekani au Canada?

Hakuna muda, na hakuna fomu ya kuomba. HCR ndiyo inayochagua, kwa vigezo vyake: mtu ambaye hata kwenye nchi ya hifadhi yuko hatarini, aliyenusurika mateso, mgonjwa asiyeweza kutibiwa hapo, mama au msichana aliye katika hatari, mtoto aliye peke yake, na wengine wa namna hiyo. Ikikuchagua, jina linapelekwa kwa nchi, na nchi inahoji upya, inapima afya, inachunguza usalama. Nchi inaweza kukataa. Chini ya asilimia moja ya wakimbizi wa dunia hupata nafasi hiyo kwa mwaka.

Kwa Wakongomani kulikuwa na dirisha. Mwaka 2012 HCR ilianza mpango wa kuwahamisha Wakongomani wasiopungua 50,000 kutoka nchi za Maziwa Makuu, na Marekani ikachukua sehemu kubwa. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, karibu 20,000 wakiwa Wakongomani, taifa la kwanza kwa wingi. Halafu Januari 20, 2025, siku ile ile alipoapishwa, Rais Donald Trump akausimamisha mpango wote. Kuna watu waliokuwa wameuza vitu vyao, tiketi mkononi, safari zikafutwa. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 kikomo kiliwekwa 7,500, na nafasi nyingi kati ya hizo zilitengewa Makaburu wa Afrika Kusini. Hapo sina la kuongeza, kila mtu ajisemee moyoni.

Canada ina njia yake tangu 1979: raia na makanisa wanamdhamini mkimbizi wakimlipia mwaka wa kwanza. Wengi wa Uvira na Fizi walipita hapo. Lakini Novemba 2024 ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano, kwa sababu ya mlundikano. Akikuambia mtu ana kikundi cha Winnipeg kinachokungoja, mwulize kwanza ombi liliingia lini.

Kuna mtu anauza kesi. Anasema jina la aliyefariki liko tayari, nichukue nafasi yake.

Usimpe hata dola moja. Huduma zote za HCR ni bure: kuandikishwa, kuhojiwa, kupelekwa. Komisioneri (dalali) wa namna hii hafanani na jambazi, mara nyingi ni mtu mwenye heshima, anayevaa beji, anayeongea kwa sauti ya chini. Na wakati mwingine kesi ni ya kweli kabisa, ndiyo hatari yake. Utabeba jina la marehemu, utaitwa baba wa watoto usiowajua, na alama za vidole vyako zitaungana na uongo huo maisha yako yote. Siku utakapotaka kumwita mke wako halisi utasema nini? Umeshaandika kwamba huna mke.

Ndugu yangu ana hadhi ya ukimbizi Ubelgiji. Anaweza kuniita?

Inategemea unamaanisha ndugu yupi. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu. Kwao familia ni mume, mke na watoto walio chini ya miaka 18, na kwa mtoto aliyefika peke yake, baba na mama yake. Kaka, dada, bibi aliyekulea, hapana, isipokuwa kwa nadra sana.

Kwa walio ndani ya duara hilo, hii ndiyo njia halali iliyo imara zaidi, kwa sababu ni haki wala si hisani. Ina saa yake, lakini. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2003 linawasamehe wakimbizi masharti ya mshahara, nyumba na bima, ila linaruhusu nchi kuyarudisha ombi lisipoingia ndani ya miezi mitatu tangu hadhi ilipotolewa. Nchi nyingine zinatoa muda mrefu zaidi, na zimekuwa zikiupunguza. Mwanasheria wa ndugu yako aulizwe juma lile lile barua ya hadhi inapofika, asingoje mpaka apate kazi. Uingereza yenyewe ilisimamisha maombi mapya ya familia za wakimbizi Septemba 2025.

Jambo moja linalotusaidia sisi tulio mbali na balozi. Mama mmoja wa Siria alikuwa Afrin na watoto wake, mumewe Ubelgiji. Ubelgiji ikasema lazima waje wenyewe ubalozini kuwasilisha ombi, nao hawakuweza kutoka. Aprili 18, 2023 mahakama ya Luxembourg iliamua kwamba nchi haiwezi kudai hivyo bila kutoa nafasi ya pekee kwa wasioweza kufika; ombi liwasilishwe kwanza, watu wenyewe waonekane baadaye. Aliye Goma au Bukavu anaweza kuwekwa kwenye hali hiyo hiyo. Mwanasheria aikumbuke hukumu hiyo.

Watoto wa marehemu dada yako uliowalea tangu wadogo wanahitaji hukumu ya mahakama ya ulezi. Barua ya chifu wa kata haitoshi.

Njia ya masomo ipo?

Ipo, nyembamba. Shirika la WUSC la Canada limekuwa likiwapeleka vijana wakimbizi vyuoni tangu 1978, likichukua kutoka nchi kama Kenya na Malawi. Mfuko wa DAFI, wa fedha za Ujerumani, unasomesha chuo kikuu ndani ya nchi ya hifadhi. Zote mbili zinataka uwe umeandikishwa kuwa mkimbizi nje ya Kongo, na uwe na diploma ya serikali yenye alama nzuri.

Kwa nini watu wanapanda mashua wakijua wenzao wanakufa?

Watu wa Goma wasiulizwe swali hili. Oktoba 3, 2024 meli iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni, na makumi ya abiria wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kwa nini ilijaa? Kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake, na kila mama wa biashara aliyekuwa akipita kwa gari alilazimika kupita majini. Hakuna aliyesema wamama wale hawajui hatari. Barabara ilikuwa imefungwa.

Mediterania ni hivyo hivyo, kwa ukubwa mwingine. Tangu 2014 zaidi ya watu 30,000 wamekufa au kupotea humo, kwa hesabu ya IOM, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji. Viza zimekataliwa, kaunta imekataa, basi mteja amebaki kwa mpitishaji. Kisha zinakuja kampeni za kututahadharisha na safari hatari, na mabango yake yanalipwa na serikali zile zile.

Mtu akiingia nchi bila karatasi ni mhalifu?

Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Geneva kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, ikiwa ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, amejitokeza kwa wakuu bila kuchelewa, na ana sababu ya maana. Maneno yale ya kutoka moja kwa moja ndiyo yanayogombaniwa: ukipita nchi tano, watakuuliza kwa nini hukubaki katika ya kwanza. Nayo itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2000 kuhusu usafirishaji haramu inamlenga mpitishaji. Haimfanyi mtu mkosaji kwa sababu tu alipitishwa.

Ni kweli Uingereza ilitaka kuwapeleka wakimbizi Rwanda?

Ni kweli. Mkataba ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaukataa Novemba 15, 2023, serikali ikatunga sheria ya kusema Rwanda ni salama, na serikali iliyofuata ikaufuta Julai 2024. Watu wa Bukavu, wanaoiona Cyangugu ya Rwanda wakifungua dirisha, walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Karatasi zangu zilichomwa nyumbani. Nina picha tu kwenye simu. Nifanye nini?

Picha ni bora kuliko hakuna. Zitume leo kwa barua pepe yako mwenyewe na kwa mtu mmoja unayemwamini aliye nje ya jimbo, kwa sababu simu huporwa njiani. Kadi ya mpigakura, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, diploma, karatasi za hospitali kama ulijeruhiwa: zote, mbele na nyuma. Andika na majina ya familia nzima kwa herufi zile zile zilizo kwenye karatasi, hata kama zina makosa, maana Mukeba wa ukurasa mmoja akigeuka Mokeba wa ukurasa mwingine, dosia inalala. Na ukifika kwa mwandikishaji, wataje watoto wako wote, hata aliyebaki kwa bibi Walungu, hata yule ambaye hujui aliko tangu siku ya mbio. Asiyetajwa siku ya kwanza ni vigumu sana kumwongeza baadaye.